Mikono Sita ya Mzee Gharib

Kila akitoka shule, Mbodze hupita kwa Bimdogo, mwenye nyumba wao pale Kibokoni, kumfagilia ukumbi. Siku hiyo ufagio uligota kwenye boriti kuukuu ya mkoko, iliyoteremshwa darini kwa kuliwa na mchwa. Mbodze akaipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ikatimia mikono saba.

Akaacha kufagia. Asubuhi, akipita kwenda shule, alimsikia Mzee Gharib, fundi wa dari, akimwambia Bimdogo kwamba boriti mpya amezikata mikono sita. Huo mkono mmoja umekwenda wapi? Tangu hapo kila alichofanya mzee kilimtia shaka. Mbona boriti kazifungia stoo? Mbona kile kijiti chake hukifunga kitambaa na kukibana kwapani? Huyu ana lake jambo, alijiambia Mbodze, na hakungoja kuuliza. Aliwaambia waliokaa barazani kwamba fundi anawaibia watu miti. Kesho yake habari ilikuwa imefika mtaa wa Ndia Kuu, na mteja mmoja akamnyima mzee kazi aliyokwisha kumwahidi.

Bimdogo naye, masika yamekaribia na dari i wazi, akamwita fundi ili amwachishe kazi. "Boriti ya zamani ni mikono saba, nimeipima," Mbodze akadakia, ufagio mkononi.

Mzee Gharib alifungua stoo alikozihifadhi boriti zisiliwe na mchwa. Alitoa boriti moja mpya, akailaza ubavuni mwa ile kuukuu. Zilikuwa sawasawa. Kisha akafungua kitambaa.

"Nyumba hii ilijengwa kabla ya mita kuzoeleka huku," akasema. "Aliyeijenga alikata kijiti hiki kwa urefu wa mkono wake, na vyumba vyote vikafuata hicho. Nakifunga kisilike ncha. Wewe, mwanangu, ulipima kwa mkono wa nani?"

Mbodze akalaza mkono wake kando ya kijiti. Ulipungua upana wa vidole vinne. Haya ikamshika, machozi yakamlengalenga.

"Kwa wangu, babu. Na ni mimi niliyeyasema yale barazani. Niwie radhi."

"Kabla hujamwita mtu mwizi, jua kwanza anapima kwa kipimo gani," Bimdogo akamwambia. "Mimi pia nimekosa, niliamini bila kuuliza. Sasa nenda kayafute maneno yako pale pale ulipoyasemea."

Mzee Gharib akampa kijiti aende akawaonyeshe. Mbodze alikifunga vizuri kitambaani, akakibana kwapani, akatoka. Jioni ile mteja aliyemnyima kazi alirudi kwa fundi.