Chungu cha Maua Kisichotakiwa Maji

—Usikiguse. Vaa glavu kwanza.

Aliyesema hivyo ni mume wangu, na aliyeambiwa ni mimi, mke wake wa miaka saba, sebuleni kwangu, nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi.

—Glavu za nini? Nafuta vumbi tu.

—Madam amesema jasho la mkono linaua rangi. Hivi vyungu vina miaka mia mbili.

—Nilivifuta wiki iliyopita kwa mikono hii hii na havikufa.

—Tatizo lako unafanyia mzaha vitu usivyovijua. Wewe unajua nguo. Kaa na nguo.

Akavaa glavu zake nyeupe, akakitoa kitambaa mkononi mwangu kwa vidole viwili, akaanza kufuta mwenyewe huku amebana pumzi. Nikamwangalia mtu mzima anayeogopa kupumua mbele ya bakuli.

Ngoja nikueleze hivyo vyungu, usije ukadhani alikuwa analinda dhahabu. Ni vyungu vya kauri vya Kichina, vifupi na vipana, havina tundu chini. Kazi yake ni kuoteshea vitunguu vya maua. Unapanga kokoto, unasimamisha kitunguu cha nargisi juu yake, unatia maji, basi. Udongo hautakiwi. Baada ya wiki tano hivi unapata maua meupe yenye moyo wa njano, na nyumba nzima inanukia. Wachina wa zamani walivitengeneza kwa kazi hiyo tu, na watu wanaovikusanya wanavitafuta kama vichaa.

Mume wangu alikuwa na vyungu kumi na kimoja. Havikuwa na kitunguu wala kokoto wala tone la maji. Vilikaa kwenye kabati la kioo kama wagonjwa mahututi, na sisi tulitembea kwa ncha za vidole.

Jambo moja zaidi. Mume wangu ni fundi wa meno ya bandia. Anashinda na kauri mkononi kutwa nzima, anachonga jino ambalo mwenye kinywa mwenyewe atasahau kwamba si lake. Shika hilo, utalihitaji mbele.

Cha kwanza kabisa hakikuwa kabatini. Kilikuwa jikoni, dirishani: kidogo, cha bluu, kina pengo mdomoni. Alikiokota kwenye duka la vikorokoro zamani, enzi ananifuata. Aliniletea pale ninaposhonea, na kitunguu kimoja ndani yake.

—Kina pengo, nikamwambia.

—Pengo ndiyo kazi yangu. Nitaliziba. Lakini sikiliza, hili ua likichanua, naenda kwa wazazi wako.

Lilichanua siku ya thelathini na nane. Kesho yake alikwenda. Pengo hakuliziba, lakini sikujali. Kila mwaka niliotesha kitunguu kingine humo, na kila lilipochanua nilimpenda upya. Nayasema haya bila aibu, ingawa aibu inanistahili.

Halafu akaja Madam. Muuza vitu vya kale, mrefu, sauti ya chini, hatoki bila glavu. Mimi na dada yangu tulimwita Madam Glavu. Siku ya kwanza alipoingia kwetu alikwenda moja kwa moja dirishani, akakiangalia kile cha bluu, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto mwenye sura mbaya.

—Pole sana, akamwambia mume wangu. Hiki ni cha bandia. Nitakutafutia vya kweli.

Akamtafutia kumi na kimoja. Na masharti juu: visioshwe, visitiwe maji, visishikwe mikono mitupu. Mume wangu akaanza kuniangalia mimi kama alivyokiangalia kile cha jikoni.

Siku ile ya glavu, alipoondoka kwenda kazini, hasira zikanipanda. Nikatoa kimoja kabatini, nikakiosha kwa maji ya vuguvugu, kwa mikono yangu. Maji yakawa rangi ya chai. Hata harufu ilikuwa ya majani ya chai. Kitako cha chungu, kilichokuwa cha kahawia, kikabaki cheupe pee.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nimekiua. Nilifikiri Madam alisema kweli, na mimi na mikono yangu ya cherehani nimefuta miaka mia mbili ndani ya beseni. Nikakikausha, nikakirudisha, sikumwambia mtu. Ndiyo maana siku tatu baadaye, nilipoona ujumbe wa Madam kwenye simu yake, sikuwa na nguvu ya kugomba.

"Huyo cherehani wako anatoka lini? Vyungu vyetu vinahitaji nyumba tulivu. Na wewe unahitaji mtu anayekuelewa."

Na jibu la mume wangu: "Nipe hadi mwisho wa wiki."

Nikamwekea simu mezani.

—Cherehani ndiyo mimi?

Hakushtuka. Alivuta kiti, akakaa, akaniongelesha kwa upole ule wa daktari anayekung'oa jino.

—Hatufanani tena. Mimi nimekua. Wewe uko palepale, uzi na sindano. Nenda kwa dada yako kwa muda, tutazungumza.

—Unampenda?

—Ananielewa.

—Nimekuuliza, mimi uliwahi kunipenda?

Akakuna shingo. Akaangalia kabati.

—Chukua nguo zako na cherehani yako, akasema. Na hicho kibovu cha jikoni nenda nacho. Kinaharibu mkusanyiko.

Hakujibu swali. Nikaondoka nalo, pamoja na kibovu changu, na ndani yake kitunguu kilichokuwa ndiyo kwanza kinatoa jani.

Kwa dada yangu nililia siku nne. Siku ya tano dada akachoka.

—Unamlilia mwanaume anayelala na glavu?

—Namlilia aliyeniletea ua.

—Huyo alishakufa. Huyu aliyebaki anafuta mabakuli.

—Nataka kujua tu kama lile ua lilikuwa la kweli.

—Ukishajua utafanya nini?

Hilo tu ndilo nililotaka. Kama hakuwahi kunipenda, ningeacha kumsubiri. Kama aliwahi, ningemsubiri, na ningemsubiri vibaya, maana najijua.

Wiki iliyofuata mlango ukagongwa. Madam Glavu, na mfuko mzuri wa karatasi.

—Mdogo wangu, akasema. Nimekuja kwa nia njema. Najua umeumia. Nimekuletea chungu kipya, kizuri, uweke maua yako. Hicho chenye pengo nipe nikakutupie, kisikukumbushe machungu.

—Umetoka kote huko kuja kunitupia taka?

—Mimi ndivyo nilivyo.

Kilikuwa dirishani, kina maji na jani refu kama kidole. Akakiendea. Na hapo, mbele ya macho yangu, akakishika kwa mikono mitupu. Akakipindua kidogo, akapitisha dole gumba kwenye kitako, taratibu, mara mbili. Mimi nimeshona miaka kumi na mitano. Najua mkono unaotafuta dosari ya kitambaa, na najua mkono unaoshika hariri. Maji yalimmwagikia kwenye shati la bei mbaya, wala hakuyaona.

—Madam, nikasema.

—Naam?

—Glavu zako ziko wapi?

Akakiweka chini upesi mno.

—Hiki si kitu cha thamani, akasema. Hakihitaji glavu.

—Na maji je? Hiki kina maji miaka saba, hakijatoa rangi. Mbona vile vyako vinatoa chai?

Uso wake ulibadilika kidogo tu, kwenye kona za mdomo. Ilitosha. Dada yangu akafungua mlango, akaushikilia wazi.

—Usisahau mfuko wako, akamwambia.

Jumapili ile mume wangu alikuwa amewaalika watu wa chama chao cha wakusanya kauri waje kuona kabati. Niliingia na dada yangu, nimebeba birika. Watu kumi na wawili wamesimama, wote na glavu nyeupe, utafikiri wamekuja kubeba jeneza. Madam alikuwa kando ya kabati. Mume wangu akanifuata mbio.

—Umefuata nini hapa?

—Nguo zangu. Nilisahau moja.

Nikampita. Nikaenda kwa mwenyekiti wao, mzee mmoja mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye mwaka juzi alishakunywa chai jikoni kwangu.

—Shikamoo, mwalimu.

—Marahaba, mwanangu. Hujambo?

—Sijambo. Nina swali la kijinga. Chungu cha kuoteshea maua ya maji, kikitiwa maji kinakuwaje?

Mzee akatabasamu.

—Kinakuwa na maji.

Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Nikachukua kikubwa kuliko vyote, chenye mandhari ya milima, nikakiweka mezani.

—Mke wangu, kirudishe, akasema mume wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo baada ya miezi mingi.

Nikamimina maji ya vuguvugu. Nikachukua kitambaa cheupe kutoka pochi yangu, nikasugua ndani, kisha kitako. Maji yalianza kuwa ya njano, yakawa ya kahawia. Kitambaa kikatoka kama kimekamua majani ya chai. Mwenyekiti akavua glavu yake ya kulia, akainama, akanusa. Halafu akapitisha kidole kwenye kitako.

—Wamekizeesha kwa chai na msasa, akasema. Mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja. Chungu kikizeeka chenyewe kinachubuka huku na huku.

Akaosha cha pili. Akaosha cha tatu. Baada ya cha tano akaacha, kwa huruma nadhani.

—Nina miadi, akasema Madam. Akachukua mkoba wake. Mume wangu akamshika kiwiko.

—Waambie. Waambie ni makosa.

—Nitolee mkono, akasema. Wewe si ndiye uliyesema huhitaji mtu wa pili wa kuvikagua?

Akatoka. Kumbe anaweza kutembea haraka.

Nikamwangalia mume wangu. Fundi wa meno ya bandia, aliyeuziwa kauri ya bandia mara kumi na moja, na kila mara akashukuru. Alikuwa bado amevaa glavu. Nilitamani nicheke, lakini nikajikuta nakunja tu kitambaa changu. Siku ile niligundua kwamba kumdharau mtu uliyempenda kunachosha sana, kama kupiga pasi nguo isiyonyooka.

Mwenyekiti alikuwa anajifuta vidole.

—Lakini kijana wangu, kile kidogo cha bluu kiko wapi? Kile cha jikoni, chenye pengo.

—Kile cha bandia?

—Nani kasema cha bandia? Nilikiona mwaka juzi, nikadhani unajua ulichonacho. Katika nyumba hii kitu cha kweli kilikuwa hicho kimoja.

Mume wangu akageuka kuniangalia, na dada yangu akanivuta mkono tukaondoka. Jibu langu nilikuwa nimelisikia nusu: chungu kilikuwa cha kweli.

Ujumbe ulianza jioni ile ile.

"Nisamehe. Nilikuwa kipofu."

"Yule mwanamke aliniroga."

Huu dada aliusoma kwa sauti, akauliza kama alirogwa kwa chai ya rangi au ya maziwa.

"Kabati nimelitoa. Nyumba imekuwa kubwa bila wewe."

Huu wa mwisho ulinigusa, sitakudanganya. Niliusoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Siku ya tisa akapiga, nikapokea.

—Nakumbuka siku ya thelathini na nane, akasema. Nilikuwa nikipita pale unaposhonea kila asubuhi, nachungulia kama limechanua. Nilikuwa naogopa lisichanue.

Nikakaa chini. Hilo sikuwahi kulijua.

—Kweli?

—Kweli tupu. Nilikupenda kabla ya ua.

Machozi yakanitoka. Basi lilikuwa la kweli. Nikamwambia aje Jumamosi. Dada yangu alinuna siku mbili, hata chumvi akawa ananipa bila kuniangalia.

Jumamosi akaja, ndevu amenyoa, shati limepigwa pasi vibaya. Dirishani nyuma yangu nargisi ilikuwa imechanua, maua manne, nyumba inanukia hadi mlangoni. Nikamwona akilitazama lile dirisha juu ya bega langu. Nikafikiri anaangalia maua. Nilifurahi, kwa sekunde mbili hivi.

—Umekitia maji? akauliza.

—Nimekitia nini?

—Chungu. Maji yanaweza kuingia kwenye lile pengo. Mwenyekiti ana mtu anayetaka kukiona kesho. Tukirudi nacho nyumbani leo...

Alisikia mwenyewe alichokisema, lakini alikuwa amechelewa. Alikuwa amenifukuza mara moja kwa ajili ya vyungu vya bandia, na sasa ananifuata kwa ajili ya cha kweli. Ua lile lilikuwa la kweli, ndiyo, na lilichanua na likanyauka miaka saba iliyopita, kama maua yote. Nilijibiwa swali langu lote.

—Si hivyo nilivyomaanisha, akasema. Nimekuja kwa ajili yako. Mke wangu, nipe mkono.

Akanyoosha mkono wake.

—Usiniguse, nikamwambia. Vaa glavu kwanza.

Alicheka, akidhani ni utani wa kupatana. Dada yangu alikuwa amesikia kutoka bafuni. Akaja na zile za mpira, za njano, za kusugulia choo, bado zinachuruzika maji, akamwekea mkononi.

—Chukua, shemeji, akasema. Hizi hazina shida na maji.

Alisimama pale nazo, maji yakidondokea viatu vyake. Nikafunga mlango, nikaenda kuongeza maji kwenye chungu, maana jua la mchana linayakausha haraka.