Miaka Mitatu Ananisoma Midomo

"Ni nani huyo anayekufanya usipokee simu zangu?"

Nilimuuliza mume wangu nimempa mgongo, nakunja nguo za mtoto, begi liko wazi kitandani. Sikutaka aone machozi. Kimya. Nikauliza tena kwa sauti ya juu. Kimya. Kugeuka, namkuta anafunga kamba za viatu, hana habari. Nikamrushia kanzu ya mtoto ikamtua kichwani. Akacheka.

"Mimi naondoka, wewe unacheka?"

Sasa alikuwa ananitazama usoni. Kicheko kikamkauka.

"Unaondoka kwenda wapi, mke wangu?"

Nikamtapikia yote. Miezi mingapi napiga, hapokei, halafu unaingia ujumbe: *Niandikie tu, mama. Nipo mashineni.* Hata siku za mapumziko, mashine imezimwa! Nilikuwa nimeshajumlisha, jibu likatoka mwanamke.

Akalikalia begi.

"Hakuna mwanamke. Masikio yangu yamekwisha."

Ana miaka tisa kwenye mashine ya kusaga unga. Mle ndani hakuna anayezungumza. Wanaonyeshana mikono na kusomana midomo. Akazoea hivyo, hata usikivu ulipoanza kupungua hakujua mapema. Alipojua, akaficha. Aliogopa nitasema nimeolewa na mzee.

Nikakaa kando yake.

"Kwa hiyo ukinikazia macho midomoni vile..."

"Nasoma."

"Na mimi nilidhani unanitamani."

"Hilo nalo lipo. Nafanya yote mawili kwa pamoja."

Nilicheka huku nalia. Nguo za mtoto zikarudi kabatini.

Wiki iliyofuata tulikuwa kliniki. Mtaalamu wa masikio, mama mpole, alimchungulia, akamtoa nta kwanza, maana wengine huzibwa na hiyo tu. Akamuuliza kama utotoni masikio yaliwahi kutoa usaha, kama aliwahi kutumia dawa kali, kama kwao wapo wasiosikia. Kisha akampima kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti. Akasema kelele za mashine ndizo zilizomla masikio, na zilianza kwa kumnyima sauti nyembamba, kama yangu na ya mtoto. Akatuambia vifaa vya kusaidia kusikia havilirudishi sikio kama lilivyokuwa. Vinaikuza sauti ili ile nguvu iliyobaki iikamate. Avizoee polepole. Na kazini azibe masikio kwa vizibo.

Siku alipovivaa alilalamika njia nzima. Pikipiki, ndala zangu, mfuko wa plastiki, vyote vina kelele. Tulipofika nyumbani akakaa, akafumba macho.

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Ulichosema siku ya ndoa yetu, miaka mitatu iliyopita. Ulikuwa na shela, midomo sikuiona. Niliitikia baada ya kuona watu wanatikisa vichwa kukubali."

"Hujui nilikuahidi nini?"

"Hata neno moja."

Nikampakata mtoto, nikasogea karibu, nikayasema yote upya, taratibu. Hakufumbua macho. Nilipomaliza akajifuta uso kwa kiganja.

"Hayo yote uliniahidi mimi?"

"Wewe."

"Basi nilibahatisha vizuri."