Mnyonya Harufu wa Pango la Ezquerra

Nicanora Ezquerra aliondoka mezani kufuata mkate tu. Aliporudi, glasi yake ilikuwa tupu, tena kavu, bila hata ule utando mwekundu unaobaki divai inapopita.

"Nani kaninywea?" aliuliza.

Kaka yake Leoncio alikuwa akigeuza mbavu za mwanakondoo juu ya makaa ya matawi ya mzabibu. Mke wa Leoncio, Amaya, aliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Usinitazame mimi, wifi. Kwetu tunakunywa maji ya tufaha yaliyochacha. Hicho kizee chenu cha kwenye chupa sikiwezi."

Ilikuwa divai ya marehemu baba yao, Fulgencio. Ililala miaka kwenye mapipa ya mwaloni, ikalala mingine kwenye chupa, ndani ya pango walilochimba mababu chini ya nyumba, hadi wekundu wake ukageuka rangi ya tofali kuukuu. Muda mfupi tu kabla, Nicanora alikuwa ameinusa, akafumba macho kwa raha. Sasa alimimina iliyobaki, akanusa tena. Rangi ilikuwepo. Harufu haikuwepo kabisa, kana kwamba amenusa maji ya kisima.

Leoncio akang'ata ubavu, akatafuna, akatema.

"Amaya, nyama hii hukuitia chumvi?"

"Nimeitia, tena mbele yako."

Akachukua punje ya kitunguu saumu kibichi, akaitafuna yote huku machozi yakimtoka. "Sisikii kitu," akasema taratibu. "Mdomo wangu umekufa."

Daktari wa mjini Logroño alimchungulia koo, akampima damu, hakuona ugonjwa. Leoncio akawa anakula kama mtu anayetafuna kitambaa, kisha akaacha kula, mashavu yakamwingia ndani. Na nyumba nayo ikaanza kupoteza harufu zake. Kahawa ilichemka bila kunukia, mkate ukatoka tanurini kimya kimya, na shuka zilizoanikwa juani zikarudi kitandani hazinukii sabuni wala jua. Kisha wakaanza kusikia sauti chini ya sakafu. Kitu kilikuwa kikivuta pumzi ndefu, bila haraka, na hakikuitoa kamwe.

"Wifi," Amaya alinong'ona wakiwa jikoni, "nikuambie kitu, usimgombeze. Leoncio alibomoa ukuta wa mwisho wa pango. Alitaka nafasi ya kupanga chupa. Nyuma yake akakuta shimo, na upepo ukatoka ukampitia usoni. Toka siku hiyo haongei habari zake."

Nicanora hakugombeza. Alimtuma mtu milimani Cameros akamlete Bi Obdulia, mganga, bibi mfupi mwenye vidole vilivyopinda. Alipofika, Obdulia aliwasha matawi ya rosmari, majani yenye harufu kali, mlangoni mwa pango. Moshi ukapanda mzito, lakini haukunuka. Uso wa bibi yule ukabadilika.

"Ni jini la kwenye mwamba," alisema kwa sauti ya chini. "Lilikuwa humo kabla ya babu zenu. Linanyonya ladha na harufu, na linapenda zaidi kitu kilichokaa kikaiva. Liachieni divai zote za mzee, mjenge ukuta mbele yake. Litashiba, na kijana wenu atarudishiwa mdomo."

"Lipe, wifi!" Amaya alimshika mkono. "Tafadhali. Ni divai tu!"

"Si divai tu. Baba kazihamisha kutoka pipa hadi pipa kwa mikono yake, anazitazama kwa mwanga wa mshumaa, akisubiri siku ambayo mwenyewe alijua hataiona. Halafu nimpe mgeni aliyekuja kuninywea mezani bila hodi?" Nicanora alimgeukia mganga. "Na likimaliza divai, litataka nini, Bi Obdulia?"

Mganga aliinama akayakung'uta majivu ya rosmari.

"Ndiyo nilivyodhani. Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, lakini hakuna aliyeniambia kaimaliza." Obdulia alijifanyia ishara ya msalaba. "Ingia na divai. Nusa, na kila harufu uitaje kwa jina kabla jini halijaifikia. Iliyotajwa halina nguvu nayo. Taja hadi glasi iishe na shimo halitapata kitu. Ila ukinyamaza, mwanangu, litakunyonya wewe mzima."

Nje jua la mchana lilikuwa linawaka juu ya mizabibu. Nicanora alichagua chupa, akachukua glasi na mshumaa, akashuka peke yake.

Kila hatua aliyopiga baridi ilizidi, na ile harufu ya ukungu na mbao aliyoijua tangu utotoni haikuwepo, ukuta ulikuwa jiwe lisilo na chochote, na mbele yake, kule mwisho, shimo lilikuwa wazi kama mdomo wa mtu aliyelala, likivuta, likivuta, mwali wa mshumaa ukilala kuelekea huko, nywele zake zikienda huko, hata mate kinywani mwake akayasikia yanataka kwenda huko. Akazibua kizibo, akamimina.

"Cheri kavu," alisema. Pumzi ikasita kidogo, ikaendelea. "Tumbaku. Ganda la chungwa. Ngozi ya tandiko la farasi. Karafuu, hiyo ni ya mwaloni. Uyoga wa baada ya mvua."

Mshumaa ukazimika. Kitu baridi kikamgusa chini ya pua, taratibu, kama kidole cha mtu anayemfuta mtoto makamasi, na papo hapo glasi ikanyamaza. Hakunusa tena kitu. Si divai, si utambi uliozimika, si jasho lake mwenyewe lililokuwa likimtiririka shingoni.

"Huna tena," sauti ilisema ndani ya giza, karibu kabisa na meno yake. "Nyamaza."

Alitaka kunyamaza. Kisha akamwona baba yake moyoni, amesimama palepale, glasi mkononi, akimwambia, haya, nipe nyingine, bado hujaimaliza.

"Pua chukua," Nicanora alisema. "Divai hii sikuiweka puani." Akanywa funda. "Majani ya chai! Tini iliyokaushwa juani! Nta! Koti la baba likilowa mvua! Vumbi la njia ya shambani mwezi wa tisa! Unataka nyingine? Ninazo! Mwerezi! Lozi chungu! Jivu la makaa asubuhi!" Alikuwa anapiga kelele sasa, anasogea, hatua kwa hatua, hadi akafika mdomoni mwa shimo, akaimaliza glasi, akaigeuza juu chini mbele yake. "Nimekunywa. Wewe umepata nini?"

Jini likatoa pumzi.

Ilikuwa mara ya kwanza. Upepo ulimpiga kifua, ukampita, ukapanda ngazi kwa kishindo, na huko juu akamsikia Amaya akilia kwa furaha kwamba kahawa inanukia, na Leoncio akipiga kelele, "Chumvi! Mke wangu, umetia chumvi kama unatengeneza samaki wa kukausha! Niongeze!"

Shimo lilijengewa ukuta wa tofali, na nyuma yake haikuachwa hata chupa moja. Leoncio alinenepa. Pua ya Nicanora haikurudi.

"Sasa utajuaje divai imeharibika?" Amaya alimuuliza siku moja.

"Utaniambia wewe."

"Mimi? Mtu wa tufaha?"

"Wewe. Twende."

Akampeleka chini, mpaka mwisho kabisa wa pango, akammiminia divai ya mzee Fulgencio. Amaya aliinamisha pua kwa woga. Nyuma ya tofali, taratibu, kitu kikavuta pumzi. Amaya akaganda, macho yamemtoka.

Nicanora hakugeuka. "Usiache, wifi," alisema. "Taja."