Friji Lilikalia Nafasi ya Ndugu Yangu

Nina miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Mombasa, muuza magari ya mitumba hapa Richfield, Marekani. Kwenye biashara hunipati. Kila kitu nahesabu mara mbili. Lakini someni mwone nilivyopatikana...

Iraki ilipoivamia Kuweti, mimi na mdogo wangu Salim tulikuwa vibarua huko. Mwenzetu wa Mombasa, Twalib, akapata pikapu mbili za kututorosha hadi Saudia. Mimi nikapewa kulinda maji kwenye gari la mbele.

“Salim yuko wapi?” nikauliza.

“Yumo gari la nyuma. Twende!” Twalib akanijibu.

Mpakani gari la nyuma likafika. Salim hakuwemo! Twalib akalia, akaapa kwamba askari walimshusha njiani. Nikamwamini...

Miezi ikapita, majeshi ya muungano yakaanza kupiga mabomu kuikomboa Kuweti. Watu walishangilia kila kombora. Mimi kwenye televisheni nilitafuta jengo moja tu, lile tulilokuwa tukilala, maana nilijua askari wakimwachia atarudi pale. Vita vikaisha, Wakuweti wakarudishiwa nchi yao. Nani angenirudishia Salim? Mpishi mmoja aliyefanya kazi na Salim akaniandikia kwamba jengo liliporomoka naye akiwa ndani.

Maisha yakatuleta Minnesota, mimi na Twalib. Tukawa kama ndugu, hadi mwezi uliopita alipoleta posa. Mwanawe anamtaka binti yangu, Rukia.

Yeye na wazee wake wakaketi sebuleni kwangu na haluwa yao. Mnajua posa zetu, lazima upande wa bwana harusi usifiwe. Mzee mmoja akanogewa: “Huyu hashindwi! Vita vile vya Kuweti wenzake walitoka na nguo za mwilini, yeye alitoka na friji! Milango miwili, nyuma ya pikapu!”

Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Gari la mbele nililipanda mwenyewe, na friji sikuliona. Basi lilikuwa gari la nyuma, alipopaswa kukaa Salim.

“Twalib, Salim alishushwa na askari au na friji?”

Akakitua kikombe. “Bwana Omari... nilidhani gari lingerudi kumchukua kesho yake.”

Nikawatoa, wao na haluwa yao! Mlangoni akageuka, mshenzi yule: “Wewe unayehesabu kila kitu mara mbili, siku ile ulihesabu nini?”

Madumu. Nilihesabu madumu ya maji. Kumi na moja, mara mbili! Gari la nyuma lilikuwa hatua kumi tu. Sikushuka.

Twalib simsamehe, wala msiniombe. Kama friji lile bado linagandisha, na limgandishe yeye!

Lakini Rukia amejifungia chumbani tangu nilipovunja posa, wiki ya pili sasa. Kijana wa watu alikosa nini? Hata kuzaliwa alikuwa bado. Kila nikimuuliza mama yake, ananijibu: “Yumo ndani, mzima.”

Wasomaji wenzangu, nawasihi, msipitie nilikopita. Ukiambiwa mtu wako yumo, usiridhike. Shuka ukamwone kwa macho yako.

Kutoka kiti hiki hadi mlango wa Rukia ni hatua kumi. Nimezihesabu mara mbili. Naiweka kalamu, naenda kubisha.