Ukuta Uliokauka Mapema

Kila asubuhi, kabla ya mafundi kufika, binti wa fundi mkuu alikoroga shimo la chokaa kwa mti mrefu. Chokaa ya kukarabati jumba lile la kale ilikuwa imelowekwa miezi sita. Leo mti ulikwama. Akausukuma. Kikaibuka kiganja, kikichuruzika uji mweupe.

Kilikuwa cha baba yake.

Inspekta alipofika, maiti ilikuwa imeshatolewa shimoni. Daktari wa polisi aligeuza kichwa cha maiti. "Fuvu limepasuka kisogoni. Alitumbukizwa akiwa ameshakufa."

"Mzee wangu ameteleza!" alilia msimamizi wa kazi, mkwe wa marehemu, kwa sauti kumshinda mkewe. Mkewe, yule binti, alikuwa bado ameshika mti wa kukorogea.

"Nyundo yake iko wapi?" Inspekta aliuliza, akitazama kitanzi kitupu kwenye mkanda wa marehemu.

"Labda wezi, afande."

"Wezi gani hao? Waache saa mkononi, wabebe nyundo?"

Ndani, Inspekta alisimama mbele ya ukuta uliopigwa lipu jana. "Dada, mnajuaje kama umekauka?"

Binti alibonyeza kwa ukucha. Ukazama. Akasogea, akabonyeza tena. Ukazama. Chini ya dirisha, ukucha ukavunjika.

"Hii si chokaa," alinong'ona. "Chokaa haikauki kwa usiku mmoja. Hii ni saruji. Baba aliipiga marufuku humu, inaua mawe ya kale."

Askari walibomoa. Nyundo ikatoka, mvi zimegandia kwenye damu.

"Nani huleta saruji hapa?"

Vibarua wote wakamtazama msimamizi.

"Nilimsukuma tu," alisema.

"Kwa nyundo? Kisogoni?"

"Aliiona mifuko yangu! Akasema leo nitabomoa ukuta wangu mbele ya vibarua. Miaka tisa ananichekechesha chokaa kama mtoto! Nilitaka afe. Haya, nimesema!"

Binti alimsogelea. "Ulijua nani hukoroga asubuhi?"

"Mke wangu, nisikilize..."

"Ulijua?"

Akainamisha kichwa. "Nilidhani chokaa itakuwa imeshamla."

"Chokaa haili mtu. Inamhifadhi. Miaka tisa, hata hilo hukujifunza."

Pingu zikalia. Alinyoosha mikono kumgusa. Binti akarudi nyuma, akajifuta vidole kwenye kanga, kimoja kimoja, kana kwamba ameshagusa mzoga.

"Nakuonea kinyaa," alisema. "Tangu siku ile uliyomwita baba yangu kikongwe huku unakula chakula chake, nakuonea kinyaa."