Tabasamu la Saa Moja Asubuhi

Mkurugenzi wa shindano la mrembo wa mataifa alikutwa amekufa saa moja na nusu asubuhi, ameketi kwenye kiti cha vipodozi mbele ya kioo chenye taa ishirini na nne. Shingo yake ilikuwa imekabwa kwa utepe wa hariri. Utepe huo ulikuwa umedariziwa maneno "Namba Tisa" kwa nyuzi za dhahabu.

Inspekta aliyepewa kesi alikuwa mama wa makamo. Askari wake walimwita Ndimu, maana hakukunjua uso hata siku ya mshahara. Alipita katikati ya viatu vya visigino virefu, kope za bandia na nywele za kununua, akasimama mbele ya maiti. Hakushangaa mtu kufa mle ndani. Alishangaa kwamba kuna watu waliweza kuishi mle.

"Mabinti thelathini wenye akili zao timamu," alimwambia sajini wake, "wamepanda ndege kuja kupimwa nyonga. Na asiyechaguliwa analia."

Naibu mkurugenzi alifika mbio, jasho likimtoka, simu mbili mkononi.

"Afande, mambo yako wazi. Jana marehemu alimwambia Namba Tisa mbele ya watu kwamba ana makalio ya mpishi. Binti akaapa atamnyonga. Mchukue tu. Fainali ni leo jioni, wadhamini wako njiani."

"Bosi wako hajapoa bado."

"Hata yeye angependa shindano liendelee."

Ndimu alimtazama kama anavyotazama inzi ndani ya chai.

Lakini Kamanda naye alipiga simu. Alitaka msichana afikishwe mahakamani mchana huo na ukumbi ufunguliwe. Namba Tisa alikuwa tayari amefungwa pingu koridoni, na kosa lenyewe adhabu yake ni kifungo cha maisha. Akipandishwa kizimbani leo, mama yake asingemwona tena nje ya nondo. Hilo ndilo lililomchoma Ndimu, si taji lao la vioo.

"Nipe mpaka saa sita, mkuu," alisema, akakata simu.

Daktari wa uchunguzi alikuwa ameinama juu ya mkono wa marehemu.

"Amekufa mnamo saa moja asubuhi. Alikabwa kwa nyuma akiwa ameketi. Alirusha mkono nyuma, akamshika muuaji usoni, na muuaji akamng'ata kiganja. Tazama."

Ndimu alitazama. Alama za meno madogo, zimepangika vizuri. Ndani yake mlikuwa na kitu cheupe cha kuteleza.

"Nini hicho?"

"Mafuta ya mgando. Yamo ndani ya alama za meno tu. Kwingine kote kiganja ni kikavu."

"Kwa hiyo yalitoka mdomoni?"

"Menoni, afande. Usiniulize kwa nini mtu apake mafuta menoni."

Alikwenda kumuuliza Namba Tisa. Binti alikuwa ameketi sakafuni na pajama yake, macho yamevimba, kichwani kitambaa cha kulalia.

"Mwanangu, nyie mnapaka mafuta menoni?"

"Ndiyo, mama. Ukitabasamu kwa muda mrefu mdomo unakauka, unanata kwenye meno. Ukipaka mafuta unateleza. Wote tunapaka."

Ndimu alifumba macho kidogo. Miaka ishirini na sita kazini, alidhani ameshasikia kila upuuzi.

"Na leo asubuhi ulipaka?"

"Nimtabasamie nani na pajama? Tunapaka kwenye picha na jukwaani tu. Nimeamshwa na askari wako."

"Na utepe wako?"

"Tepe zote zililala kwenye chumba cha vipodozi, zimepigwa pasi jana. Mama, sijaua mtu. Nilisema tu kwa hasira."

"Najua. Futa machozi."

Ndimu alimfuata mpiga picha wa shindano, aliyekuwa akinywa kahawa kana kwamba hapakutokea kitu.

"Leo asubuhi ulimpiga nani picha?"

"Malkia wa mwaka jana peke yake. Saa kumi na mbili na nusu, picha za kuaga. Tulimaliza kabla ya saa moja, akasema anakwenda kumpa Mkurugenzi neno."

Malkia wa mwaka jana alipatikana chumbani kwake, taji bado kichwani.

"Leo uliamka saa ngapi, binti?"

"Saa mbili, afande. Nililala fofofo."

"Ukapigwa picha ukiwa usingizini?"

Ndimu alitoa kipande cha nta kwenye mfuko, akakiweka mezani.

"Kiganja cha marehemu kina meno ya mtu. Ng'ata hapa tuyalinganishe."

Malkia aliitazama ile nta. Kisha akaisukuma pembeni.

"Nilimwomba anibakishe kwenye kampuni," alisema. "Nikamwambia, mimi ndiye mrembo wa mataifa. Akacheka. Akasema mwaka jana nilikuwa wa nne. Wa nne! Ila mdhamini alikuwa ameshashona gauni la ushindi, na kati yetu lilimtosha mmoja tu."

"Wewe."

"Mimi. Mwaka mzima nimewaambia watoto mashuleni kwamba nilijituma. Kumbe walikuwa wanatafuta kitu cha kutundikia gauni. Alikuwa anacheka kwenye kioo, afande, ananitazama. Nikavuta utepe uliokuwa karibu."

"Na mwenzako angeozea jela."

"Sikumfikiria."

"Hapo ndipo unaponichefua," Ndimu alisema. "Kuchekwa kunauma, naelewa. Lakini umekaa hapa na taji kichwani, unasikia mwenzako analia koridoni."

Namba Tisa alifunguliwa pingu saa tano na nusu. Naibu mkurugenzi alimkimbilia akiwa na utepe mpya, akimsihi aende kupambwa, muda bado upo. Binti alimpita bila kumjibu, akaomba simu ampigie mama yake.

Kituoni, Malkia alisimamishwa ukutani, kibao cha namba kifuani. Askari aliinua kamera. Kabla hajabonyeza, Malkia alipitisha ulimi kwenye meno, akainua kidevu, akageuza bega kidogo na kutabasamu.

"Hapa hatutabasamu," Ndimu alimwambia.

Alijaribu kuacha. Ilibidi wampige picha mara nne.