Handaki Ambalo Mume Wangu Alikataa Kulikagua

Wasomaji wenzangu, umri wangu umeshapita sitini. Mguu mmoja unanisumbua, lakini ulimi bado mzima. Naishi Kerenge, kwenye nyumba ya marehemu baba yangu. Haya ninayowasimulia yalinikuta enzi za Mwingereza, nikiwa mke kijana huko Handeni.

Mume wangu, Mhando, alikuwa Mzigua wa Handeni. Mimi ni Mshambaa. Tulipooana yeye alikuwa akikata mkonge Mnyuzi, na nyumbani alikuja kama mgeni. Mtoto wetu wa kwanza, Zaina, aliugua akafa, baba yake akiwa huko huko. Habari zilipomfikia, sisi tulikuwa tumeshaanua matanga. Nikajiapiza kwamba nikipata mimba nyingine, mwanamume huyu atakaa nyumbani, apende asipende.

Basi nikashika mimba, na Mungu akaleta kazi. Boma lilitaka bwawa la watu na mifugo, juu kidogo ya kijiji chetu. Mhando akaomba kandarasi, akapewa, akatia dole gumba kwenye mkataba. Nilifurahi mno... Mume wangu angefanya kazi ambayo ningeiona kutoka mlangoni kwangu!

Karani wa boma alikaa kitako akatufafanulia. Kazi ni moja, alisema, lakini mkataba umeigawa mafungu. Fungu la kwanza ni kufyeka na kung'oa visiki. La pili ni kuchimba handaki refu pale tuta litakapokaa, na kulijaza udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye chini. La tatu ni kupandisha tuta lenyewe na kulishindilia. La mwisho ni chakula cha vibarua, na hilo nikapewa mimi.

Halafu akasema neno ambalo kulipuuza ndiko kulikotuua. Kila fungu likiisha, mwenye fungu linalofuata alikague kwanza, kwa sababu kitu kikishafukiwa hakionekani tena.

Mhando alichukua la kwanza na la tatu. La pili, la handaki, akampa Saguti.

Saguti alikuwa nduguye wa kuchanjiana. Walichanjana kule Mnyuzi, wakalishana ini la kuku lenye damu zao. Siwezi kusema uongo, kulikuwa na sababu. Mhando aliposhikwa na homa, Saguti alikata mkonge wake mwenyewe na wa mwenzake, ili mume wangu asifukuzwe. Kwa hilo namshukuru. Lakini shukrani ndiyo imfanye mtu kipofu?

Kazi ikaanza. Mhando alilala nyumbani kila siku, nami nikanenepa kwa raha. Kumbe mwenzangu Saguti alikuwa ameshaahidiwa unyapara kwenye shamba la mkonge Hale, na alitaka kumaliza upesi aondoke.

Mchana mmoja nilipeleka ugali na kisamvu. Nikawaona vibarua wa Saguti wanaviringisha visiki ndani ya handaki. Visiki, na matawi, kisha mchanga juu. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa ukichimbwa mbali, na yeye hakuwa na muda wa kwenda mbali. Nikamuuliza, shemeji, hivi ndivyo mlivyoambiwa? Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Shemeji, wewe kagua sufuria," akaniambia, na vibarua wote wakacheka naye.

Jioni nikamwambia mume wangu. Nilidhani atainuka pale pale. Hakuinuka. Alinitazama kama niliyemtukania mama yake.

"Mama Zaina," akasema, "nikishuka kwenye handaki la ndugu yangu kumkagua, nimemwita mwizi. Mtu uliyekula damu yake humkagui."

Ndivyo walivyoaminiana watu wa kuchanjiana. Hukagui mzigo wa mwenzako wala huulizi safari yake. Na ukitoa kosa lake hadharani, kiapo kinakurudia, tumbo linajaa maji, unakufa. Nikalia, nikasusa, nikamnyima maneno. Wapi! Karani alipokuja kuuliza kama handaki limekaguliwa, Mhando alijibu kwamba limekaguliwa na ni zuri. Kesho yake akaanza kupandisha tuta juu yake.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda bomani mimi mwenyewe. Dole kwenye mkataba lilikuwa la nani? La mume wangu! Ningekwenda kusema, wangemkamata baba wa mtoto niliyekuwa naye tumboni. Nikanyamaza, nikashika tama.

Mvua zikaja na bwawa likajaa. Kijiji kizima kilishangilia. Wanawake walioamka alfajiri kufuata maji sasa walikwenda wakiimba. Mimi nilikwenda pia, lakini nilipita nyuma ya tuta, upande wa bondeni. Hapo nikaona pamelowa. Siku nyingine pamelowa zaidi. Halafu maji yakaanza kutoka yenyewe, mekundu, yamebeba mchanga...

Chini ya hapo, kwenye migomba yake, alikaa Bibi Makihiyo, mkunga wetu. Ndiye aliyenizalisha Zaina, na ndiye niliyemtegemea kwa huyu aliyekuwa akija. Nikamsihi ahame. Akaniuliza ahamie wapi na kuku wake.

Safari hii Mhando aliyaona maji kwa macho yake, akaogopa. Nikajua sasa atakwenda bomani. Alikwenda wapi? Alikwenda Hale, kwa Saguti! Akarudi uso umekunjuka, akaniambia ndugu yake amesema tuta jipya hutoka jasho, litakauka lenyewe.

Halikukauka. Lilipasuka asubuhi, watu wakiwa mashambani. Nilisikia kishindo, nikatoka mbio na tumbo langu, nikimwita bibi yule kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Sikufika. Maji yalikuwa yameshapita. Tulimkuta mbali kule, amenaswa kwenye miiba, na visiki vya Saguti vimetapakaa bondeni pote.

Mume wangu akashtakiwa.

Siku ya kesi nilikwenda, mimba ikiwa ya kuzaa. Saguti naye alikuwepo, amekaa nyuma kabisa na kofia yake ya unyapara magotini. Mhando akaulizwa ni nani aliyechimba handaki. Akajibu kwamba mkataba una dole lake. Akaulizwa tena, akajibu vile vile. Nilimsubiri Saguti ainuke. Mwanamume mzima, hakuinuka!

Nikainuka mimi. Nilisema yote, visiki, mchanga, Hale, yote. Mume wangu akaulizwa kama mkewe anasema kweli.

Akainamisha kichwa akasema, "Mke wangu ana mimba, siku hizi maneno yake mengi."

Watu wakacheka. Mimi nikakaa chini. Niambieni, kuna kisu kinachokata kuliko hicho?

Akafungwa. Nikajifungua mtoto wa kiume, bila Bibi Makihiyo, mikononi mwa wanawake walioogopa kama mimi. Nikampa jina mwenyewe. Akatambaa, akasimama, akaanza kusema. Nililima peke yangu, na kwa upumbavu wangu niliendelea kumsubiri baba yake. Nilijiambia kwamba jela itamfunza. Nilijiambia kwamba akitoka atakuja moja kwa moja kuniomba radhi, nami nitamsamehe.

Siku moja mtu aliyetoka Korogwe akaniambia mume wangu ameachiwa zamani, yuko Hale, anapumzika kwa ndugu yake.

Walikuja pamoja. Saguti alitangulia, anavuta mbuzi wa kunipoza. Mhando alikuwa amekonda, mvi zimemtoka, na bado nilimpenda, Mungu ananiona. Mtoto alijificha nyuma yangu akichungulia. Mhando akakaa barazani, akavua viatu, akaniambia:

"Mama Zaina, mpikie ndugu yangu, ametoka mbali."

Alikuwa bado hajauliza jina la mtoto.

Sikugomba. Niliingia ndani, nikabandika maji ya ugali, nikachochea kuni vizuri. Kisha nikamfunga mwanangu mgongoni, nikatokea mlango wa uani. Niliwasikia barazani wakicheka habari za Mnyuzi. Nikashika njia ya kwetu na sikugeuka.

Talaka yangu ilikuja Kerenge baadaye. Aliyetumwa kuileta alikuwa Saguti.

Ndugu zangu mnaosoma, mnashirikiana kazi na kaka, shoga, shemeji, watu mnaowapenda. Gawaneni mafungu, ni vizuri, mzigo hupungua. Lakini shuka kwenye handaki la mwenzako kabla halijafukiwa, uguse udongo kwa mkono wako, na yeye ashuke kwenye lako. Asiye na kisiki cha kuficha atakupisha. Na wewe mwanamume, mke wako akikwambia ameona, inuka ukatazame. Mimi niliona mapema, na Bibi Makihiyo amelala chini ya udongo kwa sababu hakuna aliyeinuka.